Mistari Mitatu

Fomu ya mahakama ya watoto imeniachia mistari mitatu:
"Sababu za kosa. Eleza kwa ufupi."

Lutonja Masalu, miaka kumi na sita, wa Mabatini,
alikamatwa Mwaloni Kirumba saa kumi alfajiri,
mabondo kilo moja na nusu ndani ya shati.

Nianzie wapi, kwa ufupi?

Mama yake hukaanga mapanki,
mifupa ya sangara ambaye minofu yake
imeshapanda ndege.
Kijana amemjua samaki huyo kwa kichwa na mkia;
pa katikati anapasikia tu.

Hilo halitoshi, najua. Dada yake Nyamizi
amelishwa kwa sufuria hiyohiyo
na hajawahi kugusa hata kiberiti cha mtu.
Hakimu ataniuliza habari zake, huniuliza kila mara,
nami nitatazama viatu vyangu.

Nimepanda kwao, ngazi za mawe mia na kitu,
huko juu ambako maji hupandishwa kichwani
huku ziwa zima limetandazwa chini, linametameta
kama mali ya mtu mwingine.

Balozi hakuniacha nimalize swali.
"Yule? Yule ni mwizi tangu mdogo."
Tangu lini? Akakuna kidevu.
Tangu kuku wa Mama Ng'wandu alipopotea,
Lutonja yuko darasa la nne.
Kuku alirudi wiki ya tatu, na vifaranga tisa nyuma yake.
Jina likabaki.
Darasani akahamishiwa dawati la mwisho,
dukani akitokea, droo inafungwa.

Huko mwaloni kuna Bahebe, makovu mikononi,
aliyemwita Lutonja, Lutonja tu,
akamfundisha kulipima bondo kwa kidole gumba,
akirudia pale alipokosea, bila kumpiga.
Siku alipopatia, alimpigia makofi.
Nimepekua ripoti zote za shule
nikitafuta makofi.

Mwenye mizani, anayenunua usiku bila kuuliza,
hana fomu mezani kwangu.

Mwisho nikamuuliza mwenyewe: kwa nini?
Akanitazama kama mtu aliyeulizwa njia
na mgeni aliyekwisha kufika.
"Mlinzi alikuwa amelala."

Basi nimeandika mstari mmoja:
Kuku alirudi.
Miwili bado mitupu,
na karani anagonga mlango.