Kona Nne

Saa kumi na mbili asubuhi, Winnipeg, Februari,
baridi inauma hata jino la bandia.
Nasukuma kitoroli: masanduku kumi na moja,
kitambaa cha meza, taa ndogo, kioo cha kukuzia,
na chupa ya chai aliyonifungia Halyna bila kusema neno.
Meza ya kukodi, dola mia na sabini na tano.
Namba thelathini na sita, jirani na choo.
"Pazuri hapo," anasema Réal wa meza ya pili,
"kila mtu lazima apite."

Mlango haujafunguliwa, tayari tunauziana sisi kwa sisi.
Hakuna mnunuzi mbaya kama muuzaji:
anajua bei, anajua na uongo.
Réal anainamia kadi ya kipa,
anaigeuza kwenye mwanga kama daktari na picha ya kifua.
"Kona hii imelegea."
"Kona hiyo ilizaliwa hivyo."
"Sitini."
"Tisini, na nakuchukia."
Tunamalizana sabini na tano. Biashara haigombi.

Saa tatu watu wanaingia kama maziwa yaliyochemka.
Harufu ya makoti yaliyolowa theluji, soseji, plastiki mpya.
Vijana wenye simu wananitajia bei kabla sijafungua mdomo:
"Jana iliuzwa arobaini."
Jana, nawaambia, hata mimi nilikuwa na bei nyingine.
Mmoja anacheka. Hanunui.

Jericho Magsino, miaka tisa,
ana karatasi ya hisabati iliyokunjwa mara nane,
na ndani yake majina ishirini na mawili,
yote ya wachezaji wa akiba.
Hataki nyota. Namuuliza kwa nini.
"Nyota wana watu wao," anasema,
kisha anarudi kuchimbua sanduku la dola moja moja,
ulimi nje, vidole vikitembea.
Mama yake, sare ya uuguzi chini ya koti,
amesinzia wima kwenye kiti changu cha akiba.

Saa nane, Bi. Thorvaldson kutoka Gimli,
na sanduku la viatu lililofungwa kamba ya katani.
"Paa linavuja," anasema, hata salamu bado.
Najua kabla sijafungua. Miaka ile viwanda vilichapa
kadi nyingi kuliko wavulana wa kuzipenda.
Napekua polepole, ili ionekane natafuta.
Nimefika nusu, mkono unasita:
Anton Hruska, mwaka wake wa kwanza uwanjani,
kona nne kali kama wembe.
Ingeziba nusu ya paa.
Lakini ana masharubu. Ya wino wa buluu,
yamesokotwa ncha zote mbili,
na jino moja limepakwa giza.
Soko hili halijui kusamehe wino.
"Dola nne," nasema, na sauti inanikwama.

Anaichukua, anaisogeza mbali na macho,
halafu anacheka, cheko la tumboni,
hata Jericho anainua kichwa.
"Siggi huyo. Alimchora hata babu yake, ukutani,
wiki ile ile ya mazishi."
Anaitia mkobani, kati ya leso na funguo.
"Na zilizobaki?"
"Ishirini." Zilistahili sita.
Réal ananitazama juu ya miwani. Hasemi.
Huo ndio wema wake.

Biashara asubuhi, jioni mahesabu.
Nahesabu mara mbili, ya pili kwa matumaini.
Nikitoa meza, petroli, soseji,
na kumi nilizompunguzia Jericho
kwa kuwa mama yake aliamka akiona haya,
nimebaki na dola thelathini na moja
na kiuno ambacho kona zake zimelegea.

Gari linakohoa, linakataa, linakubali.
Sanduku la viatu nimelikalisha mbele.
Taa nyekundu ya barabara ya Portage huchelewa;
nafungua kifuniko, naanza ile nusu ya pili.
Siggi hakuishia kwa mmoja.
Beki ana miwani. Kocha ana pembe.
Mwamuzi, maskini, kavalishwa gauni.
Nyuma yangu mtu anapiga honi.
Taa ni kijani, sijui tangu lini.