Mgeni Sebuleni

Nilimwambia Kemunto laki tatu.
Ilikuwa nne na nusu.
Daktari Atsiaya alizihesabu funguo mbele yangu,
moja, mbili,
akazihesabu tena, kana kwamba ya tatu ingejitokeza
ivunje mauzo.

Uani wangeimaliza kwa usiku mmoja.
Tukakunja zulia, tukasukuma kochi hadi jikoni,
ikaingia kinyumenyume kwa mlango wa mbele
kilo mia mbili sitini,
ikadondosha tone la oili palepale
mama mkwe anapopenda kuketi.
"Italala hapa?" akauliza Nyakundi.
Mgeni siku mbili, nikamjibu.
Ya tatu sikuitaja.

Jumamosi nikashuka Kamukunji,
nikapita masanduku ya shule, ya bluu, yamepangwa hadi angani,
nikamkuta Kilonzi, pamba sikio moja, nyundo mkononi.
Nataka mawili, ya alumini, ya kuning'inia pembeni,
yasiingize vumbi la Marsabit.
"Mtoto anaenda shule gani?"
Nikamwonyesha picha.
Alicheka hadi akakalia kazi yake.
Kisha akachora kwa chaki sakafuni, watu wakikanyaga,
na siku nilipoyafunga
hayakupishana hata upana wa ukucha.

Grogan nikapata kioo cha mbele, kina ufa mdogo, nikaambiwa hauendelei.
Nikapata taa mbili za ukungu.
Ukungu wenyewe tunauona Julai, asubuhi, kidogo.

Usiku, baada ya habari, msasa.
Nyekundu ya daktari ikatoka, chini yake nyeusi,
chini ya nyeusi kijani ambayo hakuna aliyewahi kunitajia.
Nilitaka rangi ya udongo wa kwetu baada ya mvua.
Fundi akachanganya mara nne,
ikatoka chai ya maziwa.
Nikalipa.

Desemba ikapita tukingoja bolti.
Pasaka ikapita.
Nikaongeza kishikio cha ramani, soketi ya simu,
mkebe wa maji, mkebe wa mafuta,
kamba ya kufungia mkebe wa mafuta.
Majirani wakaacha kuuliza tunaondoka lini,
wakaanza kuuliza kama bado ipo.

Kisha stima zikapotea, Jumanne, ugali ukiwa mezani.
Nyakundi akawasha taa za ukungu
na ukuta mzima ukawa mchana.
Tukala omena kwa mwanga wa betri,
vivuli vyetu vikubwa kuliko nyumba.
Kemunto akanawa, akafuta mikono kwa leso,
akapanda kiti cha nyuma bila kuulizwa.
Akaegemea.
Akaegemea tena.
"Hili egemeo linanikuta shingoni. Ulimpimia nani?"

Sikuwa na jina la kumpa.
Nilikuwa nimekisia.
Miezi minane nimepima chuma, nimepima bati,
nimepima hewa ndani ya magurudumu.

Nikaleta uzi wa cherehani, nikauweka kiunoni mwake,
nikaupandisha polepole hadi pale aliposema basi,
nikapiga fundo.
Uko mfukoni mwa shati hili. Kesho naupeleka kwa fundi wa viti.

"Na ilikuwa laki ngapi, kweli?"
Stima zikarudi, friji ikashtuka.
Nne, nikasema.

Hiyo nusu ataisikia Marsabit.