Sindano Mbili

Ijumaa usiku nilikuwa wao,
Jumapili asubuhi nilikuwa wake.
Muskogee, Oklahoma, mwaka wa themanini na sita,
mji mzima ulikuwa na fundi wa sauti mmoja na nusu:
mimi ndiye mzima, yule nusu alikunywa.

Kwa hiyo nyaya zilezile
zilizobeba gitaa la Lyle Pruitt
ndani ya ghala la zamani la mbegu za pamba,
ndizo zilizobeba damu ya Mwanakondoo
hadi kwenye sebule za majimbo kumi na moja.
Nilizifuta bia kwa kitambaa chenye maji. Basi.
Hakuna aliyewahi kunusa.

Mchungaji Harlan Tubbs alikuwa na sauti ya asali
iliyoungua kidogo chini ya sufuria.
Alilia kwa jicho la kushoto, upande wa kamera ya pili.
Siku hiyo aliinua santuri ya vijana wale
kama mtu aliyekamata nyoka kwa mkia.
"Humu ndani," akasema, "Shetani anazungumza kinyumenyume."
Akanitazama. Kuigeuza ilikuwa kazi yangu.

Nikaweka kidole juu ya sahani, nikaisukuma.
Ikatoka sauti ya ng'ombe anayemeza mlango.
Kina mama wakajifunika midomo kwa karatasi za nyimbo.
Mimi nilisikia kitu kingine:
kikohozi changu mwenyewe, cha Februari,
niliporekodi wimbo ule nikiwa na mafua
na mlango nimeusahau wazi.
Kikohozi kinyumenyume
ni mtu anayerudishiwa pumzi yake.
"Mmemsikia?" akauliza Mchungaji.
Wakajibu wamemsikia.
Sikusema neno. Nilikuwa na kodi ya kulipa.

Lyle alikaa kiti cha wageni,
nywele hadi kiunoni, mkanda wa misumari,
goti moja likicheza peke yake.
Wiki nzima alikuwa amejinoa kwa maneno makali,
akaambulia: "Bwana, wimbo huo
unahusu kiwanda cha vioo kilipofungwa."
"Debe tupu," Mchungaji akadakia, "haliachi kuvuma!"
Makofi.

Nimepima madebe mengi.
Sindano ya mtambo wangu haijui lililo tupu wala lililojaa,
yenyewe hupanda tu.
Kwa Lyle ilikuwa ikifika kwenye nyekundu.
Kwa Tubbs, alipolifikia neno Jehanamu,
ilifika palepale, ikagonga ukingo, ikatulia.

Ndipo simu zikaanza.
Nikapewa laini ya tatu niiweke hewani.
"Naitwa Opal. Opal Pruitt.
Huyo aliye mbele yenu ni mwanangu. Mwombeeni.
Natoa dola ishirini, kama kila mwezi."

Lyle akainua uso
kama mtoto aliyeitwa kutoka dirishani.
Kidole changu kilikuwa juu ya swichi yake. Kilibaki juu.
"Mama," akasema, "ni zile ishirini
ninazokuachia chini ya kopo la sukari?"

Sekunde nne.
Katika televisheni sekunde nne za kimya
ni kaburi limeachwa wazi mvua ikinyesha.

"Hizo hizo," akasema Opal. "Nina zipi nyingine?
Halafu umekonda."

Mchungaji akaitafuta kamera ya pili,
jicho likiwa kavu.
Mtu fulani, Mungu ambariki, akawasha kwaya.

Baadaye, nikikunja nyaya kiwiko kwa kiganja,
niliwakuta wawili hao mbele ya mashine ya soda.
Tubbs alikuwa akijipapasa mifuko mitupu.
Lyle akamtilia robo dola.
"Nini? Zunguka upande huu," akasema Mchungaji,
"sikio hili lilishakufa."
"Langu pia," akasema Lyle. "Hilohilo."

Wakawa wanazungukana taratibu kwenye korido,
kila mmoja akilitafutia sikio lake zima
mdomo wa mwenzake.
Kopo likadondoka ndani ya mashine, likavuma.
Hakuna aliyeinama kuliokota.