Dakika Tatu na Sekunde Arobaini na Nane

Eila Ylitapio alikuja Jumanne, maktaba ya Kemi,
kompyuta kaiviringisha taulo la kuogea
kama mtu aletaye paka mgonjwa.
Theluji mabegani. Glavu hakuvua.
Mimi ndiye wa meza ya pembeni, chini ya saa inayochelewa,
Jumanne na Alhamisi, bila malipo,
na wengi wanaonijia wamesahau nenosiri.

Yeye hakulisahau.
Alikuwa nalo kwenye kikaratasi, mwandiko wa marehemu Sulo,
na jalada zima la risiti, mia tatu na kumi na mbili,
zimetobolewa matundu, zimefuatana kwa tarehe:
wimbo mmoja, yuro moja na senti tisa.
Wimbo mmoja, yuro moja na senti tisa.
Sulo alifanya kazi kiwanda cha karatasi. Aliiamini karatasi.

Mali bila daftari, husemwa, hupotea bila habari.
Hii daftari ilikuwa nayo.
Hata habari ilikuja: barua pepe, mistari minne,
kwenye sanduku ambalo mwenyewe hakuwa hai kulifungua.
Duka linafungwa. Seva ya leseni itazimwa mwisho wa mwezi.
Asante kwa kuwa nasi.

Kompyuta ya zamani ilikaa kabatini hadi ikagoma kuwaka;
mpwa wake akahamishia yote kwenye hii,
na hii haijulikani na mtu.
Nikajaribu kueleza. Nyimbo zimo, nikasema,
hakuna hata mmoja uliotoroka,
ila kila mmoja una kufuli, na kila kufuli
kabla ya kufunguka humpigia bwana wake kuomba ruhusa,
na bwana wake kahama, simu imekatwa.

"Lakini alilipa."
Alilipa.
"Basi alinunua nini?"
Nikainamia risiti, herufi ndogo kama mayai ya chawa:
haki ya kusikiliza, kadiri huduma itakavyokuwepo.
Mbuzi wa kwenye gunia angalau hulia.

Ili nisikae kimya nikamfungulia orodha.
Orodha haina kufuli. Majina, urefu,
umechezwa mara ngapi, mara ya mwisho lini.
Tango tupu, zote akizijua,
walizicheza jikoni, miguuni soksi za sufu.
Mara nne. Mara kumi. Mara mbili.
Kisha mstari mmoja, bendi ya Tornio nisiyowahi kuisikia:
mara mia sita na kumi na moja.
Mwisho, saa kumi na robo alfajiri,
Machi, wiki moja kabla ya hospitali.

Eila akavua glavu.

"Huu siujui."
Akaigusa ile namba kwa kidole, skrini ikaacha alama ya jasho.
"Alikuwa akivaa vile vya masikioni, asiniamshe.
Nami nikidhani anaamshwa na tumbo.
Nikimpikia uji mwepesi, miaka miwili."

Akacheka, kidogo, kisha hakucheka.

"Bonyeza."
Utakataa, nikasema.
"Bonyeza."
Kikazuka kisanduku cha kijivu: kompyuta hii haijaidhinishwa.
"Una urefu gani?"
Dakika tatu na sekunde arobaini na nane.

Akakivuta kiti. Akaitazama saa ya ukutani
kama wanavyoitazama watu kituo cha treni,
akakaa.

Kijana akaja na waya wake mkononi; nikamwonyesha kiganja, ngoja.
Mashine ya kupokea vitabu ikalia mara mbili.
Feni ikazunguka ndani ya kompyuta, ikafanya kazi ya bure.
Mahali fulani, nadhani katikati,
kichwa cha Eila kilitikisika, au ilikuwa baridi,
na vidole vyake vikatulia juu ya taulo.

Sikumuuliza.
Saa ile, kama nilivyosema, huchelewa.
Huenda wimbo ulikwisha zamani
na sisi bado tumekaa.