Merikani

Saa mbili asubuhi, Lowell. Theluji ya kwanza imeshakuwa tope,
nami nimetoka moja kwa moja kazini,
vidole bado vina joto la mashuka ya hospitali
niliyoyakunja usiku kucha: mia nne na kitu,
nikaacha kuhesabu.
Barua ya shule ilisema, mzazi anayeweza aje kusaidia.
Nikatia alama kwenye "naweza"
kabla sijaangalia zamu.

Ukumbini meza za chakula zimesukumwa ukutani.
Leo ni mwaka elfu moja mia nane na arobaini.
Darasa la nne wamevaa aproni zilizokatwa kwenye mapazia,
kila mtoto na kadi shingoni: jina, umri, ujira wa wiki.
Mwanaidi wangu leo ni Abigaili,
miaka kumi, mbadilisha vibiringo vya uzi.
Amenitazama mara moja, akageuka.
Abigaili hana mama mwenye koti la dobi
lililotariziwa jina kifuani.

Bwana Pelletier, mstaafu, ndevu zake mwenyewe, kofia ya kuazima,
anatikisa kengele ya shaba:
"Mmechelewa! Nusu siku imekatwa!"
Wote wanacheka isipokuwa Sophea,
ambaye mama yake hukatwa kweli.

Wanachambua pamba kwa brashi za misumari,
pamba inaganda kwenye sweta, kwenye nyusi.
Wanasokota, uzi unakatika.
Wanasokota, unakatika.
Mimi nimepangiwa mwisho, kwenye fremu za kufumia,
mtande umeshavutwa, kidau cha mbao kinapenya na mshindio,
kinarudi, kinakwama.
Kazi yangu kufungua mafundo.

Kisha mzee akatoa kitambaa mkobani,
cheupe kisicho cheupe, rangi ya uji uliopoa,
kikapita mkono kwa mkono hadi kwangu.
Nilikijua kabla ya macho.
Kigumu, kikavu, kinakwaruza kidogo,
kinanukia kama gunia la nafaka.
Nikasema kwa sauti, bila kukusudia:
merikani.

"Ndiyo," akatabasamu Bi Doherty, "Amerika."
Hapana, mwalimu. Si nchi, ni kitambaa.
Sijajua bado kuwa kuna nchi, nilijua kuna merikani:
foronya za bibi yangu kule Ujiji,
mfuko wa chumvi, pazia la mlango wa uani,
na ule mkunjo chini ya sanduku, marufuku kuguswa,
aliojinunulia mwenyewe mapema
asije akamsumbua mtu siku yake.
Tulilalia jina la watu wa huku
miaka yote, wala hatukulisoma.

Bwana Pelletier akavua kofia.
Akaniomba niliandike ubaoni.
Chaki ikakatika kwenye K.

Ndipo Thiago, pamba puani, akauliza:
"Na pamba, nani aliichuma?"
Mzee akajibu. Alijibu kweli, hakuzunguka,
akataja kusini, akataja minyororo.
Thiago akageuza kadi za wenzake, moja moja.
"Mbona yeye hana kadi?"

Hana. Wala hana aliyelibeba robota kichwani
miezi mitatu, kutoka pwani hadi ziwani kwetu.
Wala yule aliyesimamishwa juani, akapimwa meno,
akabadilishwa kwa pima kadhaa za kitambaa hiki hiki.
Hayo sikuyasema. Kiingereza changu kilikuwa kimechoka,
nacho kilikesha.
Bi Doherty akasema, "Swali zuri sana,"
akatazama saa.

Mwanaidi akavua kadi yake.
Akaigeuza upande usioandikwa,
akaivaa tena hivyo hivyo,
akaja kusimama karibu na koti langu.

Nyumbani kipande alichofuma kimewekwa chini ya birika.
Kimepinda, kina tundu linalopitisha kidole.
"Hapo," ananieleza, "uzi ulikatika, nikaendelea."

Saa nne usiku niko kazini.
Nageuza pindo la shuka la kwanza, natafuta lebo.
Imetaja nchi nyingine, mbali na hapa, mbali na kwetu.
Nailisoma jina hilo polepole, kwa mdomo.
Halafu nakunja.