Mali Kauli

Niliitia alama kwa kalamu ya bluu,
kiduara kwenye pembe ya tembo,
elfu kumi ya mwisho kuingia sandukuni
kabla hatujalibeba kwenda benki:
mimi, Nyangeta, na Ng'wasi mwenye ufunguo wa tatu,
milioni nne na laki mbili zinanuka dagaa
hadi mlinzi akatupisha bila kutupekua.

Chanzo ni wale wa Igombe.
Sanduku lao lilikuwa na kufuli tatu kama letu.
Mwizi hakugusa hata moja.
Alibeba sanduku.

Basi nikadhani benki ni sanduku lisilobebeka.
Chumba cha chuma huko nyuma, rafu, vibandiko,
na mahali fulani gizani kibandiko chetu:
Kikoba cha Tuamke, Mwaloni.

Mwezi wa tatu nikaenda kuitazama.
"Siitoi," nikamwambia kijana wa dirishani,
Lubango, tai imemkaba koo.
"Nataka kuiona tu. Ina kiduara."

Hakucheka. Hilo nampa.
Alichukua karatasi ya kuwekea fedha, akaigeuza, akachora.

Haipo, mama.
Tumemkopesha mtu wa Kayenze, kanunua injini ya boti.
Mwenye duka la injini kaileta hapa hapa, jioni ile ile,
tukampokea, tukamwandikia.
Hiyo nayo tukamkopesha mwenye kinu cha mpunga, Magu,
naye kamlipa fundi,
na fundi ana kitabu chake hapa.

Ngoja. Yetu bado imeandikwa?
Imeandikwa.
Na ya mwenye duka?
Imeandikwa.
Noti moja, watu wawili, kila mmoja anasema yangu?
"Watatu," akasema, "ukimhesabu fundi."

Nikauliza lile ambalo hata wewe ungeuliza:
tukija wote siku moja?
Akaitazama feni ya darini, ikazunguka, ikazunguka.
"Hamji wote siku moja," akasema.
"Hiyo ndiyo kazi yenyewe."

Nilishuka Kirumba kwa miguu, hasira zinanitangulia.
Mbalamwezi ilikuwa imeanza, boti zimefungwa,
zile siku za mwezi ambazo dagaa hawaifuati taa
na Mwaloni nzima inakula deni.
Magunia yangu thelathini yalikwenda na Kalonji, Lubumbashi.
Hakuna karatasi. Nilimtazama usoni, nikasema, chukua.
Na kwa hela hiyo ambayo sijaishika
nimemwahidi mwenye taa za sola,
yeye kamwahidi mwenye nyavu,
mwenye nyavu kamwahidi mwalimu mkuu.
Hela ya Kalonji iko njiani, huko sijui mpaka gani,
na tayari inamsomesha mtoto Pansiansi.

Nikasimama pale, katikati ya chanja tupu.
Kumbe nimekuwa benki miaka kumi na moja
bila feni, bila tai.
Kumbe na wao ni mali kauli tu,
kauli iliyopigwa muhuri
na kuwekewa foleni.

Sikufurahi, msidhani.
Ukigundua kwamba daraja unalopita kila siku
limeshikiliwa na wapitaji wenyewe,
unapita, ndiyo,
lakini unaanza kuwatazama wenzako miguu.

Jumamosi nikawaeleza kikobani.
Nilichora nyuma ya karatasi, kama Lubango.
Ng'wasi akasikiliza mpaka mwisho, ufunguo bado shingoni,
ufunguo wa sanduku ambalo sasa naweka chumvi.
"Kwa hiyo ipo au haipo?"
Ipo, nikasema, ila inatembea.
"Hata mume wangu alikuwa akitembea."
Tulicheka hadi Nyangeta akashika mbavu.
Ufunguo hakuuvua.

Kalonji aliingia siku ya tisa, vumbi hadi kope.
Alilipa nusu.
Nusu nyingine, akasema, ni kauli.
Nikaketi juu ya gunia, nikahesabu moja moja,
polepole kuliko kawaida yangu,
nikitazama pembe za tembo.