Daftari la Mama Ngoie

Ofisi ya kooperative, barabara ya Kasai.
Feni inazunguka polepole kama mtu anayetafuta namna ya kukataa.
Bibi Kalumba anageuza faili langu kwa kidole kimoja.
Lina karatasi tatu tu.

"Chisenga Kapya. Miaka ishirini na minne."
Ndiyo.
"Ulipokuwa na kumi na tisa ulikopa dola mia tatu."
Ndiyo.
"Ukarudisha themanini."

Ningemweleza habari za Kazadi,
tulivyonunua pikipiki nusu kwa nusu,
alivyoipanda Jumanne moja kwenda Kolwezi,
na kwamba hadi leo nusu yangu inazunguka huko bila mimi.
Lakini faili halina mahali pa Kazadi.
Lina mahali pa jina langu, na wino mwekundu.

Gari lenyewe ni Ist, rangi ya maji ya mchele,
limeingilia Kasumbalesa, usukani kuume, taa moja imepasuka.
Mwenyewe anataka elfu tatu na mia mbili.
Nina mia tisa. Nilizihesabu usiku, mlango nimeufunga,
nikazihesabu tena asubuhi, kana kwamba zinazaa.

Miaka miwili naendesha teksi ya mtu.
Kila jioni namkabidhi patroni dola ishirini na tano,
iwe mvua, iwe mgomo, iwe pancha;
kinachobaki mkononi ni harufu ya petroli.
Wenzangu wamenionyesha benki lamberi,
mzee mmoja wa Kamalondo mwenye sauti laini:
leo anakupa mia, mwisho wa mwezi unampelekea mia na hamsini
pamoja na shukrani.
Yeye hakuulizi historia yako.
Anakuandikia mpya.

"Dhamana?"
Kiwanja sina. Baba aliacha baiskeli na jina,
na baiskeli iliibwa.

Ndipo nikafungua mfuko wa plastiki,
nikamwekea mezani daftari la Mama Ngoie,
muuza unga wa Katuba, karibu na pompi.
Jalada limelainika kwa mafuta ya mawese,
kona zimeliwa na panya au na watoto.
Ukurasa wangu unaanza mwaka uleule wa aibu:

unga, meka mbili — limekatwa
makala — limekatwa
thomson mmoja na chumvi — limekatwa
unga, unga, mafuta kidogo, unga —

Bibi Kalumba akavaa miwani.
Akasoma miaka mitano ya tumbo langu.
Feni ikazunguka. Nje mtu alikuwa anauza kredi za simu kwa kuimba.

"Na hii?" Kidole kimesimama.
"Sabuni. Franka mia tano. Haijakatwa."

Jasho likanishuka mgongoni hadi kwenye mshipi.
Miaka yote hiyo, na nitaangushwa na sabuni.

"Mlete mwenye daftari."

Jumatatu Mama Ngoie alifunika meza yake kwa turubai,
akaja amevaa kitenge cha harusi za watu.
Alipoulizwa habari za sabuni alicheka
mpaka mlinzi akachungulia.
"Hiyo nimeiacha kusudi, mama.
Mteja akimaliza deni lote,
kesho yake anaanza kununua kwa jirani."

Bibi Kalumba hakucheka.
Aliandika: miezi kumi na minane,
karte roze ibaki kabatini kwetu,
ukikosa mara mbili, gari linarudi.
Kisha akamsogezea Mama Ngoie kidau cha wino,
na kidole kile kinachopima unga
kikaacha alama yake chini ya jina langu.
Sijawahi kubeba kitu kizito kama kidole kile.

Sasa alfajiri nawasha gari ambalo bado si langu,
taa moja inaona barabara, nyingine inakisia.
Nikirudi jioni nasimama pale pompini,
namnyooshea mia tano, noti safi.

Mama Ngoie anaitazama noti, anaitazama taa iliyopasuka.
"Kesho," anasema,
na kunipimia meka mbili.